Laptopu ilisema memori imeisha wakati RAM bado ipo: kisa cha steshenari

Dada mmoja mwenye steshenari jirani na chuo aliniletea laptopu yake, hajakaa hata kwenye kiti akaanza, fundi hii mashine inanidanganya. Nikamuuliza inakudanganyaje dada. Akasema inaniandikia memori imeisha nifunge programu, nikienda kuangalia naona bado ipo, na kabla sijamaliza kuangalia Word inajifunga yenyewe na kazi ya mteja imeenda. Kazi yenyewe ilikuwa ripoti ya fildi ya mwanafunzi, karatasi 14 alizochapa tangu asubuhi kutoka kwenye mwandiko wa mkono, na mwanafunzi alikuwa amesimama pale kaunta anasubiri kuprintiwa. Nikamwelewa kabisa kwa nini amekuja amekasirika.

Naandika kisa chote mwanzo mwisho maana tatizo hili linanirudia mara kwa mara kwa sura tofauti tofauti, na ule ushauri unaozunguka mitandaoni kuhusu memori pepe (ile ya kutumia sehemu ya diski kuisaidia RAM, Windows kwenye setingi zake imeiandika Virtual memory) unawaumiza watu wenye mashine ndogo, yani haohao ambao hawana hela ya kununua nyingine.

Mashine ilikuwa hivi. RAM (memori ya haraka ambamo programu zinafanyia kazi) GB 4, Windows 10 ya biti 64, diski ile ya kuzunguka ya GB 500 imekatwa vipande viwili, C ina GB 60 tu na zilizobaki ni D. Kazi yake kwa siku: Chrome ina madirisha kumi na kitu kwa sababu wateja wanatuma mafaili kwa wasapu na barua pepe, Word mbili tatu zimefunguliwa kwa pamoja, PDF, programu ya skana, na printa. Hiyo ndo steshenari yoyote ile, hakuna kitu cha ajabu hapo.

Nikawasha, nikamwambia afungue vitu vyote kama anavyofanyaga dukani, alafu nikafungua Task Manager, ile programu ya Windows inayoonyesha nini kinatumia mashine, sehemu ya memori. Na kweli dada hakuwa anasema uongo. Imetumika GB 3.0, iliyopo GB 0.9. Karibu giga nzima ya RAM ipo tu na mashine inalia imeishiwa. Wengi wakifika hapa wanasema RAM ni mbovu au Windows imeharibika, tupige Windows upya. Lakini chini yake kidogo kuna mstari ambao watu wanaurukaga, umeandikwa Committed, na pale palisomeka 3.8/3.9 GB. Jibu la kisa chote lilikuwa kwenye huo mstari.

Ili uuelewe lazima ujue kwanza kwamba programu kwenye kompyuta haijawahi kuiona RAM yenyewe. Word ikitaka mahali pa kuweka maneno yako haiendi kwenye RAM moja kwa moja, inaiomba Windows, na Windows inaipa anwani ambazo ni za Word peke yake. Chrome nayo ina anwani zake, na inaweza kabisa kuwa na anwani yenye namba ileile kama ya Word na wasigongane, kwa sababu namba hizo sio za RAM, ni za kila programu na dunia yake. Anayetafsiri kutoka anwani ya programu kwenda mahali halisi ndani ya RAM ni prosesa yenyewe, kwa kusoma jedwali ambalo Windows inaliandika na kulitunza. Jedwali halihesabu baiti moja moja, linahesabu kurasa, na ukurasa kwenye hizi kompyuta zetu kwa kawaida ni baiti 4096, yani KB 4. Kila ukurasa una mstari wake kwenye jedwali unaosema uko wapi kwenye RAM, na alama inayosema upo au haupo kwa sasa. Hiyo alama ndogo ndo inaruhusu Windows kuchukua ukurasa ambao haujaguswa muda mrefu, ikaupeleka kwenye diski, ikampa mwingine ile nafasi, na mwenye ukurasa asijue kabisa kama umehama.

Faili la kupokea hizo kurasa linaitwa pagefile.sys, linakaa C na limefichwa ndo maana wengi hawajawahi kuliona.

Sasa tukirudi kwenye ile 3.8/3.9. Programu ikiomba memori, Windows haimpi RAM palepale, inampa ahadi. RAM halisi inatoka pale programu inapogusa ule ukurasa kwa mara ya kwanza. Na programu zinaomba zaidi ya zinachogusa, zote zinafanya hivyo, Chrome ndo usiseme. Namba ya kushoto ni ahadi zote zilizokwisha kutolewa, namba ya kulia ni mwisho wa ahadi, na mwisho huo ni RAM jumlisha pagefile. Chukua mfano wa ukumbi wa harusi wenye viti 300. Kamati imeshagawa kadi 300, waliofika mpaka saa mbili usiku ni 230, viti 70 viko wazi unaviona kwa macho. Akija mtu mlangoni anataka kadi, hapewi. Sio kwamba hakuna viti, ni kwamba kila kiti kina mwenyewe na mwenyewe anaweza kutokea saa yoyote. Windows ni kamati ya aina hiyo, haigawi kadi ambayo haina kiti. (Linux ikiachwa na setingi zake za kawaida inagawa kadi zaidi ya viti ikitegemea kwamba wote hawatakuja, na siku wakija wote inachagua programu moja inaitoa nje kwa nguvu. Kila njia ina maumivu yake, mi nimezoea ya Windows maana angalau unajua mapema.)

Kwa hiyo mashine haikuwa inadanganya. Kwenye RAM viti vilikuwepo, kadi ndo zilikwisha. Word ikiomba kadi moja ya kuweka picha iliyobandikwa kwenye ripoti inanyimwa, na programu nyingi zikinyimwa memori hazijui zifanye nini, zinajifunga.

Swali likabaki kwa nini mwisho ni 3.9 wakati RAM ni 4. Mashine ya kawaida yenye RAM GB 4 inatakiwa isome sita, saba, hata zaidi, kwa sababu pagefile linaongeza viti kule stoo. Nikaenda kwenye setingi nikakuta pagefile limezimwa kabisa. Nikamuuliza dada, kuna mtu aliwahi kuishika hii? Akasema ndio, kuna kijana alikuja kuiongezea spidi miezi miwili iliyopita, alionyeshwa na video ya mtandaoni, akaweka na programu ya kusafisha RAM.

Simlaumu yule kijana kwa nia yake, na hoja yake ukiisikia mara ya kwanza inaingia akilini vizuri tu: diski ni taratibu, RAM ni haraka, ukizima pagefile basi kila kitu kitakaa RAM na mashine itakimbia. Ila hoja ina matundu mawili. La kwanza ndo hilo la kadi, ukizima umeondoa viti vya stoo na mwisho wa ahadi umeshuka mpaka kwenye RAM tupu. La pili ni baya zaidi na halisemwi. Kurasa ziko aina mbili. Kuna zile ambazo asili yake ni faili lililopo tayari kwenye diski, mfano programu ya Word yenyewe, zile amri zake. Windows ikitaka nafasi inaweza kuzitupa tu hizo, zikihitajika itazisoma tena kutoka kwenye faili la Word, haina haja ya pagefile. Alafu kuna zile ambazo hazina asili popote, mfano maneno uliyochapa hujayasevu, au kile Chrome ilichokijenga kukuonyesha dirisha fulani. Hizi makao yake ya pili ni pagefile peke yake. Ukilizima, dirisha la Chrome ulilofungua saa mbili asubuhi hujaligusa mpaka saa kumi jioni linakalia RAM masaa nane, haliwezi kuhamishwa, na Windows ikibanwa inabaki kutupa zile za aina ya kwanza, yani amri za Word unayoitumia sasa hivi. Dakika inayofuata inazisoma tena kutoka kwenye diski. Kwa hiyo diski bado inasumbuliwa vilevile na kinachotupwa ndo kile unachokihitaji. Umekifungia ndani kitu kisicho na kazi, ukamtoa nje anayefanya kazi.

Na ile programu ya kusafisha RAM nayo kila baada ya dakika kadhaa ilikuwa inazinyang'anya programu zote kurasa zao kwa lazima ili namba ya iliyopo ionekane kubwa. Namba inapendeza sekunde chache, alafu kila programu inaanza kudai kurasa zake upya. Hiyo niliifuta bila kumuuliza mtu.

Kabla sijabadilisha kitu kingine niliangalia kumbukumbu za matukio za Windows, maana napenda ushahidi. Kuna tukio namba 2004, linatoka kwa kitu kinaitwa Resource-Exhaustion-Detector, Windows inaliandika pale inapogundua memori pepe inakaribia kuisha na inataja programu zinazoongoza kwa kuila pamoja na baiti zake. Kwa wiki ile moja yalikuwepo 6. Siku ile ya ripoti ya fildi lilikuwepo, Chrome wa kwanza, Word wa pili. Nikamwonyesha dada akasoma mwenyewe saa na tarehe, akasema ndo muda uleule. Ukiwa na mashine yenye dalili kama hizi anzia hapo, utajua ndani ya dakika 2 kama ni memori au ni kitu kingine.

Nikarudisha pagefile, nikachagua Windows ijipangie ukubwa yenyewe. Hapa napo kuna kitu, ukiiachia ijipangie inaweza kukua mpaka mara 3 ya RAM au GB 4, ile iliyo kubwa, lakini haivuki sehemu ya 8 ya C nzima. RAM GB 4 mara 3 ni 12, C yake ni GB 60, sehemu ya 8 ni 7.5. Kwa hiyo mwisho ni 7.5, na hiyo ni kama nafasi ipo, kwake ilikuwa imebaki GB 3 tu. Tukatoa mafaili ya muda, mabaki ya apdeti za zamani, na folda ya dauniloadi iliyokuwa imejaa skani za wateja tukaihamishia D, C ikapumua GB 14. Kurestati, mwisho wa ahadi ukasoma 6.4 badala ya 3.9, na una uwezo wa kupanda zaidi ukibanwa.

Akaondoka nayo. Siku ya tatu akapiga simu: fundi, haijifungi tena lakini inatambaa.

Nilitegemea hilo na nilimwambia kabla hajaondoka, ila kusikia na kukaa nayo dukani foleni ikiwa mlangoni ni vitu viwili. Nikaenda mwenyewe pale dukani nikakaa pembeni ya printa nikaangalia. Alikuwa anaskani vyeti vya mtu, kama dakika 20 hivi, alafu akarudi kubofya Word aliyoiacha. Dirisha likawa jeupe. Kiduara kinazunguka. Diski kwenye Task Manager asilimia 100, prosesa ipo asilimia 9.

Kilichokuwa kinatokea ndani ya kule kubofya kumoja ni hiki. Word inataka kusoma anwani fulani. Prosesa inaangalia kwenye jedwali, alama inasema haupo. Inasimamisha Word palepale katikati ya amri na kuiita Windows. Windows inaangalia huu ukurasa uko wapi, inakuta uko kwenye pagefile. Inatafuta nafasi tupu kwenye RAM, haipo ya kutosha, kwa hiyo lazima imtoe mwingine, na kama ukurasa unaotoka ulibadilishwa lazima uandikwe kwenye diski kwanza. Ndo diski inaambiwa leta ukurasa fulani. Word inalazwa usingizi. Diski inapeleka kichwa kwenye mstari husika, inasubiri sahani izunguke, inasoma, inarudisha, jedwali linarekebishwa, Word inaamshwa inarudia ileile amri kana kwamba hakikutokea kitu. Ukurasa mmoja huo. KB 4.

Diski yake inazunguka mara 5400 kwa dakika, yani mara 90 kwa sekunde, mzunguko mmoja ni milisekunde 11. Kwa wastani unasubiri nusu mzunguko, 5.5, ongeza muda wa kichwa kuhama kama 10 hivi, ukurasa mmoja umekula milisekunde 15. Ni kama maombi 60 kwa sekunde. Ukiwa na MB 100 za kurudisha hizo ni kurasa 25,600, na kama zingekuja mmoja mmoja zimetawanyika zingechukua dakika 7. Windows inajitahidi inazisoma kwa mafungu ndo maana haifiki huko, lakini ndo sababu unaona kubofya kumoja kunakula nusu dakika wakati diski hiyohiyo ukikopi muvi inakimbia vizuri.

RAM yenyewe inajibu kwa kama nanosekunde 100. Ukiifanya hiyo iwe sekunde 1, kama kuchukua kalamu iliyo mezani kwako, basi diski ya kuzunguka ni sawa na kungoja siku 1 na masaa 17 ndo uipate kalamu. SSD ya kawaida, ile diski isiyozunguka, ni kama dakika 17. Nilimpa dada huo mfano akakaa kimya kidogo alafu akasema kwahiyo nikibofya mara 2 ndo naongeza foleni. Ndiyo, kabisa.

Hili jambo sio geni. Kompyuta ya Atlas ya Manchester, Uingereza, iliyozinduliwa 1962, ndo ilianza huu utaratibu wa kurasa, kina Tom Kilburn walikuwa na memori ya haraka ya maneno 16,000 na kitu (neno hapo ni fungu la biti) na pipa la sumaku la kuhifadhia la maneno 98,000 na kitu, wakataka mwandishi wa programu aone kama ni memori moja kubwa. Mwaka 1968 Peter Denning akaeleza kwa nini mashine inafika mahali inafanya kazi ya kuhamisha kurasa tu na haifanyi kazi nyingine. Kila programu ina kundi la kurasa inazozihitaji kwa wakati huo ili isonge mbele, na makundi ya programu zote zinazofanya kazi yakizidi RAM, kila anayeingia anamtoa ambaye ataitwa sekunde ijayo. Prosesa za Intel zilizoingia kwenye kompyuta zetu binafsi zilipata kurasa na 80386 mwaka 1985. Kwa hiyo ile prosesa asilimia 9 na diski asilimia 100 pale steshenari, Denning alishaieleza zamani.

Nilihesabu makundi ya dada. Akiwa anaskani, anachapa na wasapu iko hewani anahitaji kama GB 5 kwa wakati mmoja. RAM ni 4. Hakuna setingi duniani itakayoiingiza 5 kwenye 4. Kwenye Resource Monitor kurasa zinazofuatwa diski zilikuwa mia na kitu kwa sekunde na hazishuki.

Alikuwa na hela ya kitu kimoja, RAM au SSD. Wengi wangemwambia SSD, na kwa mashine nyingi nami nasema hivyohivyo, kuwaka kwake tu kunabadilika kabisa. Kwa mashine hii nilisema RAM kwanza na nasimamia hapo. SSD ingepunguza ile siku 1 na masaa 17 ikawa dakika 17, lakini kurasa zingeendelea kuingia na kutoka kutwa nzima. RAM inaondoa safari yenyewe. Nilicheki kwanza Windows ni ya biti 64, maana ingekuwa ya 32 isingeona zaidi ya GB 4 na angetupa hela, nikafungua chini nikakuta sloti moja tupu, tukapata RAM ya GB 4 aina ya DDR3L iliyovuliwa kwenye mashine iliyokufa bodi.

Siku hiyohiyo na kazi ileile: imetumika 5.1 kati ya 7.9, ahadi 5.6 kati ya 9.8, kurasa za kufuatwa diski sifuri, mara moja moja 3 au 4. Akaskani, akarudi Word, ikafunguka hapohapo.

Akauliza swali zuri, sasa si tulizime tena lile faili, RAM si inatosha? Nikamwambia usiliguse. Zile kurasa za asubuhi ambazo hazina kazi bado zinahitaji pa kwenda ili zikupishe, kadi bado zinagawiwa zaidi ya wanaofika, na siku mashine ikizima na skrini ya bluu Windows inaandika ushahidi kupitia hilohilo faili, mimi ndo nitautafuta.

Baada ya wiki 2 nilipita kuprinti vitu vyangu nikafungua matukio, 2004 hakuna hata moja tangu siku ile. Kuwaka bado inachukua dakika 2 na zaidi, hiyo ni diski, na dada ameshaanza kuweka hela ya SSD. Yule mwanafunzi wa ripoti nilimkuta palepale, amekuja na sura ya pili.